Kwa wakuu wa runinga: yule mama mliyemcheka ni jirani yangu

Kwa wakuu wa vituo vya runinga, na kwa nyote mnaoandika na kutayarisha tamthilia zinazoingia nyumbani mwetu usiku,

Salamu za heshima kutoka Mtopanga, Kisauni.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko kando ya njia. Kina cherehani mbili, pasi ya makaa ya siku stima inapopotea, na runinga ya inchi 32 niliyoinunua baada ya msimu mmoja wa sare za shule kuniendea vyema. Mchana runinga hiyo huwa nimeifunika leso ili isiingie vumbi la vitambaa. Usiku, watu wakishatoka msikitini kwa Isha na wengine wakishaosha vyombo, kibanda hujaa. Kina mama huja na mikeka na watoto, vijana wa bodaboda husimama mlangoni, na mzee wa kahawa hutua dele lake hapo nje kwa kuwa ndipo wateja walipo.

Tunatazama tamthilia ya jela. Sitaitaja jina. Mnaijua, na kituo kinachoionyesha kinajijua.

Ilipofika siku ya yule mama kwenda kumtembelea mwanawe gerezani, kibanda kilinyamaza hata kahawa ikasahauliwa. Mama amebeba wali na samaki wa kupaka, amefunga bakuli kwa leso. Mlangoni anaambiwa chakula cha nje hakiingii. Anakalishwa, anasubiri, halafu analetewa mwanawe amekonda, kola ya shati imemzidi shingo. Kijana anamwambia, "Hapa tunakula vizuri, mama." Na huku anauficha mkono wake wa kushoto chini ya meza. Aliyeandika sehemu ile namshukuru kwa dhati, na zaidi namshukuru kwa kutotia muziki hapo. Hapakuhitaji muziki.

Mama mmoja jirani yangu alikuwa ameketi karibu na meza yangu ya kupigia pasi. Alilia. Wengine walikuwa wakifuta macho kwa ncha ya mtandio, lakini yeye alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia matangani, mpaka ikabidi nipunguze sauti ya runinga tumshike.

Wiki chache baadaye yule kijana akafa mchezoni. Chini ya kioo mliweka nambari ya simu, mkatuomba watazamaji tutume maoni. Jirani yangu aliwaamini. Usiku ule ule akatuma ujumbe wa sauti, analia, anasema mmemuua mtoto wa watu, na mamake atabeba nini tena siku ya kutembelea. Asubuhi, katika kipindi cha kuamkia, watangazaji wawili wakauweka ujumbe ule hewani. Wakaurudia mara ya pili wakiwa wameuchanganya na mlio wa king'ora. Mmoja akasema ajulishwe huyu mama kwamba muigizaji ni mzima, yuko kwake anakunywa chai. Wakacheka mpaka wakaingia kwenye matangazo ya biashara.

Mtaa mzima uliitambua sauti ile.

Nimeandika barua hii kwa ajili ya kicheko hicho. Kilikuwa na maana moja: kwamba sisi tulio huku chini hatujui kutenga mchezo na maisha, tunamlilia mtu anayelipwa kufa. Waheshimiwa, tunajua kuwa ni mchezo. Jirani yangu anajua kuliko sisi wote. Mwanawe yuko ndani. Amenipa ruhusa niseme hilo, mradi nisimtaje jina. Kila akienda kumuona humuuliza, mwanangu, hali yako? Naye humjibu yale yale kila mara: tunakula vizuri, mama. Sasa fikirini mama huyo ameketi kibandani kwangu, usiku, kati ya watu, na maneno ya mwanawe yakatoka kwenye runinga neno kwa neno, na mara hii akaonyeshwa na mkono uliofichwa. Alikuwa akitazama ili ajue ndani kukoje, na nyinyi mlimwambia.

Watu wa pwani hawakuanza jana kulilia kisa cha mfungwa. Bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za Fumo Liyongo alipofungwa Pate. Mamake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hula kilicho kizuri wakamwachia makombo. Liyongo akatunga wimbo wa mafumbo, akamwimbia Saada mbele ya walinzi nao wasifahamu: mwambie mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa, chombo cha kukerezea chuma. Ulipoletwa, walinzi wakaudharau mkate wa makapi, wakampa mwenyewe. Ngoma ya gungu ikapigwa nje, matoazi na pembe zikalia, naye ndani akikata minyororo yake. Bibi alikuwa amekisimulia kisa hicho mara ngapi sijui, na kila akifika kwenye mkate wa wishwa sauti yake ilikuwa ikibadilika. Nguvu na urefu wa Liyongo aliupita haraka. Kilichomliza ni yule mama anayeoka chakula asichoweza kumpa mwanawe kwa heshima, ili tu kifike. Nasi wajukuu tulikuwa tukilia naye, na hakutokea mtu wa kutuambia Liyongo yu hai anakunywa chai.

Na mji huu wetu umeishi na jela kifuani. Ngome ya Fort Jesus, ambayo leo watoto wa shule hutembezwa kwa mistari na watalii hulipa kiingilio, Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, hatua chache kutoka barazani kwa watu wa Mji wa Kale. Mshairi Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa hii, alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi. Huko ndani alitunga mashairi akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yakachapishwa 1973, na mwaka uliofuata yakashinda tuzo. Mwanafunzi akilia darasani kwa kuyasoma tutasema ameelewa. Jirani yangu hakupata kusoma sana, yeye aliyaelewa ya kwake kupitia runinga.

Siku hizi jela tunayoijua iko Shanzu. Ukitoka mjini kwa matatu ya Mtwapa, ukavuka daraja la Nyali, ukapita Bamburi, basi kabla hujafika daraja la Mtwapa ndipo penye Shimo la Tewa. Jina ni la wavuvi, tewa ni samaki wa kwenye miamba. Pana gereza la wanaume, pana la wanawake, pana na borstal, jela ya wavulana wadogo. Matatu ikisimama hapo huteremka watu wenye mifuko, wengi wao wanawake, na kila abiria anajua waendako. Hakuna awaulizaye. Watu hutazama nje upande wa pili mpaka gari liondoke.

Hapo ndipo penye jambo langu. Kwetu mtu akifiwa, sinia huja kutoka nyumba saba. Mtu akiwa na mgonjwa, watu hujaa uani. Lakini mwenye mtu jela haletewi kitu. Hata salamu hupungua, wengine kwa kudhani ni kumsitiri, wengine kwa kuogopa kuombwa pesa za dhamana. Hana siku ya arubaini wala hitima, na hana pa kulilia. Tamthilia yenu ilitupa mahali hapo. Kwa miezi hii michache watu wamelia wazi kibandani kwangu kwa kisingizio cha mchezo. Nimewajua wanne, mtaa mmoja, ambao nimewashonea nguo miaka na miaka nisijue kwamba wana mtu ndani. Walijijua wao kwa wao kwa machozi. Wawili sasa huenda kutembelea pamoja, wakagawana nauli.

Nami pia ni mmoja wao, ingawa ni muda sasa. Sijawahi kuyasema haya hadharani.

Ndugu yangu mdogo alikaa rumande miezi 14. Gereza sitalitaja, wala korti. Dhamana ilikuwa shilingi 200,000 pesa taslimu, na kwetu hakuna aliyepata kuziona pamoja. Nikauza cherehani ya tatu. Kwenye ujia wa korti tukakutana na bwana mmoja mwenye suti na faili kwapani, akajiita wakili, akachukua 15,000 zetu za mwanzo. Hatukumuona tena. Kesi ikawa ni ya kutajwa tu. Leo shahidi hakuja, mwezi ujao faili haionekani, mwezi wa tatu hakimu yuko likizo. Mama alikuwa akivaa buibui lake jipya kila siku ya kortini kwa kuwa alidhani ndiyo siku ya kumalizika, mpaka buibui likapauka. Mwishowe upande wa mashtaka ukaiondoa kesi. Ndugu yangu alitoka mchana, amevaa viatu visivyo vyake.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua baadaye: mambo tuliyokuwa hatuyajui. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pakiwa na sababu nzito ya kumnyima. Hatukujua. Mahakama Kuu huweza kuombwa iishushe dhamana iliyowekwa na korti ya chini. Hatukujua. Pesa taslimu za dhamana hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa hakuikwepa korti. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi hadi leo, kwa sababu mjomba alikuwa na pesa za mavuno ya nazi na akakataa kutukopesha, akidhani ni faini ya kutupwa. Nasi hatukuwa na la kumjibu, kwani tulidhani vile vile. Ipo pia sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya wasioweza kumlipa wakili. Na hata mtu akipatikana na hatia, siku alizokaa rumande zinapaswa kutiwa hesabuni anapopewa kifungo.

Haya nimeyaokota moja moja kutoka kwa wateja. Karani aliyeleta suruali kupunguzwa kiuno alinieleza la dhamana kurudishwa, nami nikajidunga sindano kidoleni. Dada wa afisi ya probesheni alinieleza habari za kifungo cha nje, kwamba tangu sheria ya 1998 mtu wa kosa dogo anaweza kuamriwa kufanya kazi ya jamii badala ya kupelekwa ndani. Je, haki ya mtu ingoje mpaka suruali ya karani ilegee?

Nyinyi mna runinga. Usiku mmoja mnawakusanya watu ambao afisi zote za serikali kaunti hii hazijawahi kuwakusanya, tena wakiwa wametulia, mioyo iko wazi, simu zimewekwa kando. Sehemu ikiisha, huku macho yetu bado maji, mnatuletea sabuni na mafuta ya kupikia. Sina ugomvi na sabuni. Naomba sekunde 30 kabla yake. Mtu aseme kwa Kiswahili kilichonyooka: ndugu yako akikamatwa, anapaswa kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo umeangukia siku isiyo ya korti. Kesho yake aseme la dhamana. Kesho kutwa aeleze mtu anavyoweza kumtambua wakili wa kweli. Tamthilia ina sehemu nyingi, na hayo ya kusema pia ni mengi, hamtaishiwa.

Nanyi waandishi, nina neno na nyinyi pia, kwa sababu mmefanya kazi njema na kazi njema ndiyo inayostahili kurekebishwa. Gereza lenu limejaa wauaji waliokwisha kuhukumiwa. Mahabusu hamna. Wakati sehemu kubwa ya walio ndani ya magereza yetu ni mahabusu, watu ambao hakuna aliyewathibitishia kosa. Andikeni kuhusu kungoja. Huyo ndugu yangu alisema kipigo alikisahau, lakini hakusahau kuhesabu siku za kutajwa. Andikeni kuhusu mama aliyefungwa na mtoto mchanga. Sheria inamruhusu mtoto wa chini ya miaka minne kukaa na mamake gerezani, sasa mtoto huyo akitimiza minne, asubuhi ile anapovishwa viatu vya kutokea, mama anamwambia nini? Hapo pana tamthilia nzima, nami nitaitazama nikiwa na kitambaa mkononi. Andikeni na kutoka. Wengi wetu tuliomshika mtu mkono siku ya kutoka tunajua kuwa kifungo cha pili huanza pale getini, anapotafuta kazi na kila mtu anamuuliza alikuwa wapi.

Na askari wenu wa jela, jamani, watu wazima wote hawawezi kuwa mashetani wa namna moja. Mke wa askari jela hutazama nasi. Alikuwa akija na mkeka wake na mahamri, akilia pale tunapolia. Lakini kila sehemu ilipomleta askari wa kupiga na kutukana, alikuwa akiukunja mkeka polepole akaenda zake. Siku moja aliniambia mumewe analala ndani ya ua lile lile la gereza, na kwamba zaidi ya mara moja amemtolea mahabusu nauli ya kurudi kwao kutoka mfukoni mwake. Wabaya wapo. Ndugu yangu aliwakuta. Alikutana na huyu wa nauli pia, au mfano wake, maana hatukumpelekea pesa na bado alifika nyumbani kwa matatu.

La mwisho ni la watoto, nalo ni fupi. Mlionyesha kipigo cha selo, damu na yote, saa 2 na nusu usiku. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinasema tangu saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kinachoonyeshwa kiwe cha kutazamika na familia nzima, na hapakuwa na onyo lolote kabla ya sehemu ile. Mtoto wa miaka saba alikuwa amelala mapajani mwa mamake, sote tulidhani kalala. Akauliza, "Na baba anapigwa hivi?" Watu ishirini kibandani, hapakuwa na wa kumjibu. Wapo mtaani wanaotaka mchezo usimamishwe kwa sababu ya usiku ule. Mimi nasema uendelee, lakini sehemu kama hiyo isogezeni mbele usiku, au mtuonye dakika tano kabla tuwapeleke watoto kulala.

Ama jirani yangu, namtakia kitu kimoja kutoka kwenu. Mwombeni radhi hewani, katika kipindi kile kile cha asubuhi, kwa vinywa vya watangazaji wale wale. Jina lake msilitaje, na sauti yake msiirudie tena. Semeni tu kwamba mama aliyetuma ujumbe usiku ule alikuwa na haki ya kulia.

Tangu asubuhi ile hajaja kibandani. Nyumba yake imepakana na kibanda changu kwa nyuma, na nimeona kwamba ikifika saa ya mchezo hufungua dirisha akazima taa yake. Nami huongeza sauti ya runinga mpaka mwisho.

Nasubiri jibu lenu.

Fundi cherehani,
Mtopanga, Mombasa